Mama Taipu na Kitabu cha Ng'ambo

Marehemu aliandika wasifu wa watu mia sita na kumi na wawili, na wa kwake hakuuandika. Alipoulizwa alijibu kuwa kinyozi hajinyoi. Kwa hiyo huu umeandikwa na kitinda mimba wake, dereva wa gari la mikate, ambaye ndiye pia anayeusoma. Marehemu angeupitia kwa kalamu nyekundu. Alikuwa na kanuni yake katika kazi hii: tarehe kwanza, sifa baadaye, na machozi kila mtu aje na yake.

Alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1951, mtoto wa pili na wa mwisho wa seremala na mkewe. Tarehe hiyo haina shaka, maana baba yake aliiandika kwa penseli ya kazi nyuma ya mlango wa kabati, na kabati bado lipo. Mama yao alifariki marehemu akiwa na miaka minne. Dada yake, aliyemzidi miaka tisa, aliacha shule akambeba mgongoni. Huyo ndiye aliyemfundisha kuoga, kusoma, na kumjibu mtu mzima kwa adabu bila kumwogopa. "Mimi nina mama wawili," marehemu alizoea kusema. "Mmoja simkumbuki, mwingine simsahau."

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1965 akafaulu kwenda sekondari ya bweni. Wakati huo dada yake alikuwa ameolewa na msimamizi wa wajenzi wa barabara, akahamia ng'ambo ya mto, na kutoka huko alimtumia ada na barua. Aprili 1968 mto ulifurika ukaondoka na daraja. Barua zikakatika. Wiki kadhaa baadaye mchuuzi wa chumvi aliyezunguka kwa njia ya mbali alifika na habari kwamba dada amefariki kwa uzazi na amezikwa huko huko. Siku hakuijua, wala mahali. Daraja lilirudishwa baada ya miezi mitano, na kufikia hapo shemeji alikuwa ameifuata barabara yake, hakuonekana tena. Baba yao alisema, "Aliyekufa amekufa," akaendelea kupiga randa. Hakuvuka kwenda kuuliza. Marehemu alikuwa mwepesi wa kusamehe, lakini hilo alilisamehe nusu tu.

Aliacha sekondari, akasomea kupiga taipu, akapata cheti Desemba 1970. Aliajiriwa katika ofisi ya halmashauri kuanzia Februari 1971. Mwaka 1979 alifungua chumba chake mwenyewe nyuma ya duka la dawa: meza, taipureta, mashine ya kurudufu iliyopaka wino kila aliyeikaribia, na benchi la wateja. Wengi wetu tumelikalia benchi hilo tukiwa na msiba, na tunajua alivyofanya kazi. Alisukuma kikombe cha maji mbele yako, akasubiri unywe, ndipo akauliza, "Alizaliwa lini?" Usipojua, alikurudisha nyumbani ukaulize.

Hakukubali kuandika uongo, ila alijua kuukunja ukweli ukakaa vizuri. Kuna familia ilitaka aandike kwamba mzee wao hakuwahi kugombana na mtu. Marehemu aliinua mikono kutoka kwenye taipureta.

"Na ile kesi ya mpaka wa shamba?"

"Mama Taipu, jamani, mtu amekufa."

"Amekufa, ndiyo. Ila jirani yake yuko hai na atakuwepo mazishini."

Mwishowe ikaandikwa: "Aliishi kwa amani na majirani zake, isipokuwa wakati wa kulima." Jirani ndiye aliyecheka kwanza, kisha ndiye aliyelia zaidi.

Kila programu ya mazishi aliyoichapa aliiwekea nakala moja kwenye makopo ya biskuti, mwaka kwa mwaka. Basi ofisi ilipokosa karatasi, watu walimwendea yeye. Walikuja wajane wanaohitaji cheti, na wajukuu waliotoka mbali wakitaka kujua babu alilala wapi. Kuna vijana wawili waliokuja kuchapisha kadi za harusi. Aliwaangalia nyuso, akafungua kopo la 1983 na la 1991, akawawekea mezani programu mbili zenye bibi mmoja. Harusi ikafa, udugu ukapona. Hao wawili wako hapa leo, kila mmoja na mwenzi wake.

Aliolewa tarehe 14 Septemba 1974 na fundi saa. Fundi alikuwa ameleta barua ya kuomba kazi ichapwe, akaibadilisha mara tatu, kila mara akirudi na sababu mpya. Mara ya nne marehemu alimwambia, "Sema unachotaka, karatasi zinaisha." Walijaliwa watoto watatu. Waliishi pamoja miaka ishirini na tisa, hadi fundi alipofariki mwaka 2003, na saa ya ukutani aliyoiacha inachelewa dakika sita mpaka leo kwa sababu marehemu hakutaka mkono mwingine uiguse.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wasifu huu usingeweza kulipita. Katika kopo la kwanza kabisa mlikuwa na karatasi moja isiyo programu. Ilikuwa wasifu wa dada yake. Kuzaliwa, kulea, kuolewa, vyote vilichapwa safi. Kisha: "Alifariki tarehe," na nafasi tupu. "Alizikwa," na nafasi tupu. Mtu aliyewajazia wenzake nafasi hizo maisha yake yote hakuweza kuijaza ile moja aliyoitaka. Kuanzia mwaka 1985 alikwenda ofisi ya wilaya yetu kila mwaka, akapekua madaftari ya vifo. Makarani wanne walipokezana pale, na wote walimpa jibu lile lile: "Kama hayumo, hayumo, mama."

Mwaka 2019 karani mstaafu wa mahakama alikuja kuchapisha programu ya mkewe, akaiona karatasi ile. "Mama Taipu," alisema, "kifo huandikwa kilipotokea, siyo kwao marehemu. Wa ng'ambo yuko kwenye kitabu cha ng'ambo." Marehemu alishika kichwa. Watu wake karibu wote walikuwa wamefia nyumbani, na kosa hilo halikuwahi kumjia akilini. Alijicheka siku nzima. Jioni akamwita kitinda mimba wake.

Kufikia hapo alikuwa ameshavunjika nyonga, hawezi kupanda basi, na macho yalikuwa na ukungu. Alihitaji gari na mtu wa kumsomea. Mwanawe alikuwa na vyote viwili. Zaidi ya hayo, kila Jumanne na Ijumaa alivuka daraja kupeleka mikate, na ofisi ya wilaya ya ng'ambo ilikuwa mtaa mmoja tu kutoka alikokuwa akishusha.

"Wiki ijayo, mama," alisema.

Wiki hiyo tairi lilipasuka. Iliyofuata kulikuwa na oda kubwa. Kisha ikawa ofisi hufunguliwa saa mbili na yeye huwa amemaliza saa moja. Marehemu alimwandikia majina yote mawili ya dada yake kwenye kipande cha karatasi, angalau akaulize peke yake. Mwanawe alikichomeka juu ya kioo cha gari, kikakaa hapo hadi wino ukapauka kwa jua. Miaka mitano.

"Wiki ijayo, mama."

"Ipi? Maana zipo nyingi."

Alisema hivyo akicheka, na mwanawe akacheka naye. Leo hacheki.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022. Tarehe 27 Mei 2024 alipewa rufaa ya hospitali kubwa, nayo iko ng'ambo. Kwenye gari la wagonjwa aliusikia mtikisiko wa daraja.

"Tumevuka?"

"Tumevuka, mama."

"Basi ofisi iko karibu."

"Ukipata nafuu tutapitia," alisema mwanawe, na safari hii alikuwa anamaanisha. Marehemu alifariki Jumanne tarehe 11 Juni 2024, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Kifo huandikwa kilipotokea. Alhamisi mwanawe alikwenda katika ofisi ile ile kuandikisha cha mama yake. Karani, dada mmoja mwenye subira, alipomaliza fomu aliuliza kama kuna kingine. Mwanawe akatoa kipande cha karatasi na kuomba kitabu cha 1968. Kililetwa kimefungwa kwa kamba ya katani. Ilichukua dakika kumi na nane. Namba 77: umri miaka ishirini na sita, alifariki tarehe 19 Aprili 1968, kutokwa damu baada ya kujifungua, alizikwa makaburi ya zahanati. Mtoa taarifa, mkunga wa zahanati. Na kwenye safu ya mwisho, kwa mwandiko mdogo: "Mtoto wa kike, hai. Anatunzwa na mtoa taarifa."

Mwanawe alimwomba karani asome tena. Karani akasoma, kisha akasema, "Huyo mkunga tulimzika zamani. Lakini binti aliyemlea namjua. Si yule fundi cherehani wa nyuma ya stendi?"

Mwanawe alipofika nyuma ya stendi, fundi cherehani alikuwa ameinamia vazi la mteja. Aliinua kichwa, akamtazama mgeni wake.

"Wewe si wa mikate? Leo siyo siku yako."

Kwa miaka sita mwanawe alikuwa akishusha mikate duka la pili kutoka hapo. Alijieleza kwa kubabaika, hajui aanzie wapi. Yule mama alizima cherehani.

"Mimi nilikua naambiwa watu wa mama wako ng'ambo," alisema, "na hawakuja."

"Hawakujua upo."

"Na huyo mama mdogo? Alikuwa ananitafuta?"

Mwanawe alitamani kusema ndiyo. Lakini amelelewa na mtu asiyeandika uongo. "Alikuwa anatafuta tarehe aliyokufa mama yako. Miaka karibu arobaini. Angekupata wewe pamoja nayo."

"Naweza kumwona?"

"Amefariki."

"Lini?"

"Juzi."

Yule mama akaomba kuiona ile karatasi aliyotajiwa, yenye nafasi mbili tupu. Ijumaa aliletewa, akaisoma hapo hapo amesimama, akasema hakuwahi kujua kwamba mama yake alimbeba mtu mgongoni.

Mazishi haya yalipangwa kufanyika jana. Yamesogezwa hadi leo, Jumapili tarehe 16 Juni 2024, na programu zimechapwa upya, kwa sababu ya aya ifuatayo. Mtuwie radhi kwa usumbufu.

Marehemu ameacha watoto wanne. Wa kwanza ni binti wa dada yake, mwenye umri wa miaka hamsini na sita, fundi cherehani, aliyeketi safu ya mbele na ambaye leo ndiyo mara yake ya kwanza kufika kwao. Wa pili ni mwalimu, wa tatu muuguzi, na wa nne dereva. Ameacha pia wajukuu kumi na mmoja: wanane aliowalea, na watatu ambao hawakumfahamu.

Pumziko lake liwe la amani, na atusamehe sisi tuliochelewa.