Spiriti Ilivyomwagika Kwenye Kalenda

Shikamooni wazee wangu. Wengine hamjambo. Kabla sijaanza naomba makofi. Wenye mikono miwili wapige mikono, wenye mmoja wapige paja, na wewe baba pale nyuma ambaye hata paja halisikii, wewe tabasamu tu, tutakuhesabia. Eeh! Asanteni. Hayo ndiyo makofi yetu.

Mwalimu wetu wa mazoezi ameniambia nisimame niseme nilivyoanguka na nilivyoinuka. Nikamwambia, mwalimu, kuanguka niliangukia jikoni, kuinuka niliinuliwa, ushuhuda umeisha, tukanywe chai. Amekataa. Basi vumilieni. Na msitegemee Kiswahili cha vitabuni, maana shule niliiachia kidato cha pili, hesabu zilinitoa kwa mlango wa mbele.

Mimi kabla ya kiharusi nilikuwa fundi wa kadi. Zile za magome ya migomba, mnaziona mjini wanauziwa wageni wakishuka mlimani. Unachukua gome kavu, unalilowesha kidogo, unalinyoosha, unalikata kwa wembe, unabandika. Hapa mama kabeba mkungu, hapa nyumba, huku nyuma mlima, Kibo. Nilikuwa na mkono, jamani! Nilikuwa nakata mkia wa mbuzi mwembamba kama uzi. Leo nikikata mbuzi, mtu anauliza hiyo ni meza?

Kazi ile sikusomea. Ilianzia nyumbani, Marangu, kwenye kihamba chetu, shamba la babu na babu wa babu. Mnaotoka juu huko mnajua asubuhi zake. Unaamka ukungu umeingia mpaka ndani ya migomba, ng'ombe unamsikia humwoni, kahawa imeanikwa inanukia, na mfongo, mfereji wetu, unapita nyuma ya nyumba na yale maji ya baridi ya kuuma meno. Mama anakatakata majani ya ng'ombe huku anaimba kwa sauti ya kukwaruza. Hana sauti mpaka leo, Mungu amsamehe, lakini ningepewa leo dakika moja ya ile asubuhi ningewaachia hata chai yangu.

Sasa Krismasi moja, nikiwa mdogo, nikaona watoto wa mwalimu wa shule wamempa mama yao kadi ya dukani. Mimi nikaenda mgombani nikabandua magome, la nje jeusi, la ndani rangi ya chai ya maziwa, nikabandika kwa uji kwenye boksi la sabuni. Nilitaka kutengeneza ng'ombe. Mama akaitazama sana, akasema, "Ahsante mwanangu kwa kitanda hiki kizuri." Lakini akaitundika ukutani. Tangu hapo kila Desemba tukipanda nyumbani, wengine wanabeba sukari na vitenge, mimi nabeba kadi. Ukuta wa mama ukajaa. Kila mwaka uko pale, mpaka ule nilioolewa, mpaka ule niliozika mume.

Basi mwaka juzi, mvua za vuli zinaanza, niko kwangu Rau, huku chini mjini, nasonga ugali, nikashangaa mwiko umenitoroka. Nikainama kuuokota, na mimi nikatoroka. Jirani yangu ndiye aliyenikuta. Ni mama wa Kiislamu, fundi cherehani, ukimuuliza kabila anakwambia babu Mnyamwezi, bibi Mpare, mimi mwenyewe Mmoshi. Nilipozinduka hospitali mkono wa kulia umegoma, na mdomo umehamia upande wa Himo.

Mguu ulirudi mapema. Mdomo ukaanza kurudi polepole. Mkono ukarudi na mgeni wake, huyu mtetemo. Mnamjua, maana na kwenu amepanga.

Sasa sikilizeni. Kwetu mzazi haambiwi ugonjwa kwa simu. Mtu akikatwa mguu, mama anaambiwa kajikwaa. Atajulishwa Desemba, akishamwona mwenyewe kakaa kwenye kiti anakula. Kwa hiyo mama hakuambiwa. Nikimpigia, naongea kidogo. "Mbona sauti hivyo?" "Mafua, mama." Aliyejua ni mdogo wangu wa mwisho, kitindamimba, ndiye mrithi wa nyumba, anaishi na mama pale juu. Nikamwapisha.

Siku moja mama kwenye simu akasema, "Kadi ya mwaka huu nifanyie kubwa kidogo. Ukuta bado una nafasi."

Nilikata simu nikalia. Maana kadi ndiyo ingesema kila kitu. Nikienda mikono mitupu, mama atajua kuna jambo, na mama yangu ni mtu wa presha. Nikimnunulia ya dukani, atajua zaidi. Nikatoa wembe wangu. Nilikata Kibo ikawa jino bovu. Nikakata mgomba nikajikata mimi. Jirani akaninyang'anya wembe, akasema, "Shoga, mlima haujafika bado, damu imefika." Nikafungia vifaa vyote kwenye bati la biskuti nikalisukuma uvunguni. Nikajiambia, mama fulani wa kadi amekwisha.

Hapa ndipo penyewe, msisinzie.

Mwalimu huyu alikuwa amenipa kazi ya nyumbani, nichore miduara kwa maka peni, ile isiyofutika, kila asubuhi, kuuzoesha mkono. Mimi karatasi sina, nikatumia kalenda ya ukutani iliyokwisha, ile karatasi ya kung'aa. Miduara yenyewe ilikuwa viazi. Viazi vya bluu, viazi vya kijani. Na baada ya mazoezi nikawa najichua mkono kwa spiriti. Siku hiyo nimefungua kichupa, mgeni wangu akashtuka, spiriti yote chwaa juu ya kalenda.

Nikaanza kulaani. Halafu nikainama karibu. Vile viazi vilikuwa vinatembea, ndugu zangu! Bluu inaingia kwenye kijani, kijani inafunguka kama jani, pembeni panabaki kamstari kembamba ka rangi iliyokolea ambako mimi na wembe wangu wa zamani nisingeweza kukakata. Ulikuwa ule ukungu. Ukungu wa kwetu unaingia migombani asubuhi. Nimekaa kwenye kigoda Rau, nasikia ng'ombe wa mama.

Nikaanza utundu. Nikazipasua maka peni, nikatoa ile pamba ya ndani, nikailoweka kwenye vichupa vya dawa na spiriti, kila rangi na chupa yake. Madirisha nikafungua yote, mkaa nikaupeleka nje mbali, maana spiriti haina utani na moto. Nikajaribu kwenye karatasi ya daftari, ikanywa yote kama nepi. Kumbe inataka karatasi inayong'aa. Nikamwaga rangi zote kwa pamoja kwa furaha, nikapata matope ya jaruba la Chekereni, nikakosa tu mpunga. Kumbe unatia moja, unangoja, unatia nyingine. Kisha nikagundua kwamba ukidondosha spiriti tupu juu ya rangi, inaifukuza, panabaki peupe. Nikapiga kelele, "Theluji!" Peke yangu nyumbani. Theluji nimeipata!

Na kuisukuma rangi, unaipuliza kwa mrija. Mimi mdomo bado uko njiani kutoka Himo, nikilenga Kibo napuliza Mawenzi. Basi nikawa nageuza karatasi badala ya mdomo. Mwalimu alipouliza mbona mdomo umenyooka haraka, sikumwambia. Ndiyo leo anasikia.

Jirani akaingia siku moja, kakuta harufu imejaa, mimi macho mekundu, mrija mdomoni. Akashika kichwa. "Astaghfirullah! Yaani umeamua kuanza na spiriti? Si ungeanza na pombe ya mbege kwanza, mwenzangu, upande taratibu?" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamwonyesha. Akaangalia muda, kisha akatoka, akarudi na makasha ya nyuzi na vipande vya vitenge. "Huyu mama kwenye picha atavaa nini? Atatembea uchi Marangu na baridi ile?"

Ndivyo ilivyotoka kadi ya mama. Nikavuta bati la biskuti kutoka uvunguni. Magome sikukata tena, nikayachana kwa mkono wa kushoto na meno, na mgomba uliochanwa unafanana na mgomba kuliko uliokatwa, sikujua miaka yote hiyo. Ardhi nikabandika maganda ya kahawa. Bati la nyumba, ile karatasi ya fedha ya ndani ya paketi ya majani ya chai. Mfongo ni uzi wa bluu wa jirani. Mama mwenyewe kasimama mlangoni, kitenge cha kijani. Nyuma mlima wa spiriti, umetoka kwenye ukungu nusu. Kubwa, kama alivyosema. Ukiiangalia kwa ukali, haina mstari hata mmoja ulionyooka.

Tukapanda nyumbani. Mama kakaa mlangoni kwenye kiti chake. Mimi mkono nimeuficha ndani ya kitenge kama mwizi wa parachichi. "Shikamoo mama." "Marahaba. Kadi iko wapi?" Hakuuliza hata hali.

Sasa hapo, mnaelewa. Mzazi hapewi kitu kwa mkono wa kushoto. Wa kushoto ndio mzima. Nikaomba Mungu, nikautoa wa kulia, nikaushikilia chini kwa wa kushoto, kadi ikaanza kulia pata pata pata kama bati bovu kwenye upepo. Nikasema basi, ameona, presha hiyo inakuja.

Mama akanyoosha mkono kupokea. Mkono ukapita pembeni. Ukashika hewa. Akaurudisha, ukapita pembeni upande wa pili. Jamani, kadi inatetemeka huku, mkono wa mama unaitafuta kule, tunakimbizana kama watoto wanakamata panzi. Nikamwangalia machoni. Mboni zote mbili zina wingu.

"Mama, huoni?"

"Na wewe mkono una nini?"

Mdogo wangu alikuwa kwenye kona amebeba sufuria la mtori wa ndizi. Akaliweka chini, akasema, "Mimi nimechoka! Huyu kaniapisha nisiseme mkono, huyu kaniapisha nisiseme macho. Kila mtu ananinong'oneza. Mnaniuliza mbona nimekonda!"

Tulicheka, tukalia, tukacheka tena. Kumbe mama alikuwa na mtoto wa jicho muda mrefu, anatuficha tusipate wasiwasi, anangoja Desemba tujionee wenyewe. Kadi kubwa aliyoitaka haikuwa ya ukuta.

Akaipeleka kadi mlangoni kwenye mwanga, karibu iguse pua. Akakaa nayo. Mtori ukapoa. Halafu akasema, "Zile za ukutani zimenikimbia zote. Mistari yake siioni tena, nazipapasa tu. Lakini huu mlima nauona. Hivi ndivyo ninavyouona kila asubuhi nikitoka nje." Akapapasa maganda ya kahawa kwa kidole. "Na hapa ni pale kwenye kichanja cha kahawa." Akapapasa uzi. "Mfongo." Akafika kwenye kitenge. "Na huyu aliyenenepa ni nani?"

Nikasema, "Ni wewe, mama."

"Hm. Utanipunguza."

Mwaka mpya tukamshusha mjini, macho yakatolewa wingu. Bandeji ilipofunguliwa alinitazama mimi kwanza, akasema nimezeeka. Tulipomrudisha nyumbani akaenda moja kwa moja ukutani, akasimama mbele ya kadi ile, akairudia tena na tena. "Kumbe ulikuwa umeharibu hivi!" Nikataka kuitoa, niweke nyingine. Akanipiga kofi mkononi, mkono huu huu unaotetemeka. "Iache hapo. Zingine zote zilipokuwa zimenikataa, hiyo ndiyo tuliyokuwa tunaonana nayo."

Basi, wapendwa, nashukuru. Nashukuru jirani yangu, yuko pale dirishani, msimwangalie ataona haya. Nashukuru mzee wa duka la karatasi mjini, aliyekuwa ameambiwa nimekufa, anayeniwekea makaratasi yanayong'aa yaliyoharibika na kuniambia, "Chukua mama, lakini usife tena." Nashukuru mdogo wangu, ameanza kunenepa. Nashukuru mwalimu kwa miduara. Kwa Kichaga chetu, aika.

Funzo? Mimi wa kidato cha pili niwafunze nini? Nitasema hili tu. Kama kuna mtu hapa mzazi wake hajaambiwa, simu ipigwe leo, Desemba ni mbali. Hujui na yeye amekuficha nini. Na huu mgeni wa mkononi, nilihangaika sana kumfukuza, nikaja kumpa kazi. Siku hizi ndiye ananidondoshea matone, tena anadondosha vizuri kuliko mimi. Nimekuja na kalenda za zamani, vichupa na mirija, viko kwenye meza ya chai. Kila mtu achukue wake. Midomo iliyopinda mpulize kwa kugeuza karatasi, kama nilivyosema.

Na juzi mama kanipigia. Kaniuliza habari ya mkono, kwa jina lake kabisa, mkono. Nimemwambia ukweli, leo mbaya, jana mzuri. Halafu kaniambia, "Kadi ya mwaka huu nifanyie ndogo tu, mwanangu. Ndogo naiona."