Yuliana Shen Guilan, Bingwa wa Kupiga Mbizi na Mpwa wa Mzee Hatibu (1952–2005)

Aliyelala mbele yetu ni Yuliana Shen Guilan, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Devotha. Kazi ya kusoma maisha yake nimepewa mimi Kornelio, shemeji yake, mdogo wa marehemu Bonifasi. Watani nawaomba mnivumilie kidogo. Fujo zenu mtazifanya nikimaliza, na najua mtazifanya.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Aprili 1952 katika mji wa Yichang, nchini China, kando ya mto mkubwa kiasi kwamba siku alipoonyeshwa Mto Ngerengere kwa mara ya kwanza aliuliza mto wenyewe uko wapi. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya wanne. Baba yake alikuwa kuli wa kupakua makaa gatini, na mama yake alipika kwenye kantini ya kiwanda. Walikuwa watu wa kula wanachopata, na yeye hakuwahi kuona haya kulisema hilo.

Mwaka 1961, akiwa darasa la pili, walifika shuleni kwao walimu wa michezo kutoka mji wa Wuhan. Waliwapandisha watoto juu ya ukuta, wakawaambia waruke kwenye rundo la mchanga. Wenzake wote waliangalia chini kwanza. Guilan alimwangalia mwalimu usoni, akaruka. Jioni hiyo mama yake alifunga nguo zake kwenye kitambaa, na mtoto wa miaka tisa akaenda bweni la wanamichezo kujifunza kupiga mbizi, yaani kujirusha majini kutoka jukwaa la juu na kujipindua hewani kabla ya kugusa maji. Mwaka 1966 nchi yao ilichafuka kisiasa, shule ikafungwa, naye akarudishwa nyumbani kubeba matofali. Kila jioni, akishatua matofali, alikwenda gatini akajirusha kutoka kwenye matishari ya makaa. Alifanya hivyo miaka mitano, bila mwalimu, bila kujua kama mchezo utarudi. Siku moja nilimuuliza alikuwa anajiandaa kwa ajili ya nini. Akanijibu, “Shemeji, sikuwa najiandaa. Nilikuwa sijaacha.”

Mwaka 1971 aliitwa tena Wuhan. Mwaka 1973 akawa bingwa wa taifa lao kwa wanawake katika jukwaa la mita kumi, na mwaka 1975 akautwaa tena ubingwa huo. Mita kumi ni kama ghorofa ya tatu. Kwa wale ambao hamjawahi kuangukia maji kutoka juu hivyo, aliniambia maji yanapiga kama sakafu, na jicho ndilo linaloumia. Mwaka 1977 jicho lake la kushoto liliharibika kwa ndani, na madaktari wakamkataza kuruka tena maisha yake yote. Alikuwa na miaka ishirini na mitano. Alilia siku nzima, halafu kesho yake akaenda kuomba kazi ya ualimu kwenye bwawa lile lile.

Kaka yangu Bonifasi alipelekwa Wuhan mwaka 1980 kusomea mitambo ya nguo. Siku moja wanafunzi wa kigeni walipelekwa bwawani kuogelea. Bonifasi alikuwa Mluguru wa milimani kweli kweli, maji aliyoyajua ni ya kunywa na kunawa. Alisimama pembeni amevaa suti. Mwalimu mmoja wa kike akamfuata, akamshika mkono, akamwingiza majini hadi magotini na suti yake. Ilichukua miaka mitano na vibali visivyohesabika, lakini tarehe 18 Mei 1985 walifunga ndoa. Mwaka 1986, wakati wa ruksa, maduka yetu yalipoanza kuona sabuni tena, wakaingia Morogoro na mimba ya Devotha. Guilan alibatizwa Krismasi ya mwaka uliofuata, akapewa jina la Yuliana. Stephano alizaliwa mwaka 1989.

Mama yetu, Bibi Filomena, alimpenda tangu siku ya kwanza kwa sababu alipiga magoti kumsalimia na alikula kila alichopakuliwa. Lakini usiku ule ule alimwita Bonifasi pembeni. “Mwanangu, mke ni mzuri na ana adabu,” alisema. “Ila watoto wake watakuwa wa nani?” Wageni mliotoka mbali naomba mlielewe swali hilo. Sisi Waluguru mtu ni wa ukoo wa mama yake. Shamba hulipati kwa baba, unalipata kwa mama na kwa mjomba. Mashamba ya ukoo wetu ni ya watoto wa dada zangu, si ya watoto wangu wala wa Bonifasi. Sasa mtoto ambaye mama yake ametoka China, mjomba wake yuko wapi? Atazikwa wapi? Bonifasi alicheka, akasema dunia imebadilika. Mama hakucheka.

Bonifasi aliajiriwa katika kiwanda kimoja cha nguo pale mjini. Klabu ya wafanyakazi ilikuwa na bwawa ambalo wakubwa walilitumia kuweka miguu. Mama Devotha alimtafuta fundi wa kuchomelea, akasimamisha jukwaa la mabomba na mbao, na kuanzia mwaka 1987 alifundisha watoto wa wafanyakazi kupiga mbizi. Alikuwa mkali. Mtoto aliyechelewa alisafisha bwawa. Mtoto aliyeogopa hakugombezwa. Alisimama naye juu ya jukwaa hadi woga uishe, hata kama chakula kinapoa. Na alikuwa na sheria moja ambayo hakuivunja kamwe: mwanafunzi haingii kwenye maji ambayo mwalimu hajayaingia.

Tarehe 7 Agosti 1993 Bonifasi alifariki kwa ugonjwa wa figo. Mwaka uliofuata kiwanda kiliuzwa, wafanyakazi wakapunguzwa, nyumba ya kiwanda ikachukuliwa, na bwawa likamwagwa maji likawa stoo ya marobota ya mitumba. Kaka yake wa China alimtumia ujumbe kwamba nauli ya kurudi, yeye na watoto, iko tayari. Alijibu kwamba ana wanafunzi. Akapanga chumba kimoja mjini, akauza maandazi asubuhi, na mchana akawa anawapeleka watoto wake wa mbizi kutafuta maji ya kuruka.

Ndivyo ilivyotokea kwamba Jumamosi tarehe 14 Oktoba 1995 alikuja hapa kijijini kwetu Kigongwe na wanafunzi wake ndani ya pikapu ya kubeba ndizi. Juu ya kijiji hiki kuna maporomoko, na chini yake kilindi tunachokiita Kwa Bibi, ambapo wazee huomba mvua. Mtu haogi pale, wala hachoti. Mama Devotha alikuwa amefika hapa mara nyingi, na katika miaka yote ile hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia. Tungemkataza nini? Nani alifikiri kuna mtu mwenye akili timamu angetaka kuruka kutoka kwenye lile jabali? Basi aliwaambia wanafunzi wasubiri, akapanda, na akaruka yeye kwanza apime kina, na jicho lake bovu, miaka kumi na minane baada ya kukatazwa. Wanawake waliokuwa shambani wakaona mtu anakuja kichwa chini. Ukunga uliopigwa siku ile ulisikika hadi barabarani. Halafu akaibuka, akajipangusa uso, akawaambia, “Pazuri. Kina kinatosha.”

Jioni wazee waliketi. Kosa la Kwa Bibi lina faini yake, mbuzi mweusi na kuku mweusi. Mimi nilisimama nikasema familia ya Bonifasi italipa. Wazee wakanikalisha. Faini ya namna hiyo hailipwi na wakwe, hulipwa na mjomba wa mkosaji, maana yeye ndiye anayemjibia mbele ya waliotangulia. Na mjomba hakuwepo. Mwenye baraza akasema kwa upole, na nakumbuka upole wake uliniuma kuliko ukali, “Huyu ni mgeni, hakujua. Tumwachie. Ila mlima huu asiupande tena, yeye na watoto wake.”

Wengi tulishusha pumzi. Mama Devotha hakushusha. Alisimama katikati ya baraza, nywele zake bado mbichi, Devotha na Stephano wamemshika kanga.

“Wazee wangu, shikamooni,” alisema. “Kosa nimefanya. Mkinifukuza, mmenisamehe kama mgeni. Mimi sitaki msamaha wa mgeni. Nitozeni.”

“Mama, nani atakujibia?” mwenye baraza aliuliza.

“Sijui. Lakini sitoki hapa mpaka nitozwe.”

Akakaa chini. Jua likazama, na yeye amekaa. Watu walianza kunong’ona kwamba mwanamke huyu ana wazimu. Ndipo Mzee Hatibu, fundi baiskeli wetu, aliponyanyuka. Mnamjua, hakuna jirani ambaye hajawahi kugombana naye. Dada zake wote walikuwa wamekufa bila kuacha mtoto, na ukoo wake, lukolo kubwa la zamani, ulikuwa umebaki na yeye peke yake na shamba la kahawa lililoota magugu.

“Mimi nina shamba, sina mpwa,” alisema. “Huyu ana watoto, hana mjomba. Mnashangaa nini? Mbuzi wangu yule pale, mfungueni.”

“Hatibu, wewe Mwislamu, huyu Mkristo,” mtu mmoja akasema.

“Kwani marehemu mama yangu alimzaa nani kwa dini? Fungua mbuzi!”

Mbuzi akafunguliwa. Mama Devotha alitozwa faini kama mwana wa mlima huu, na usiku ule alilala kwa mjomba wake. Asubuhi Mzee Hatibu alimpa jembe, akamwambia kahawa haijipalilii.

Aliipalilia. Miaka iliyofuata alilima, akamsikiliza mjomba wake akifoka, na kando ya chemchemi ya shamba hilo akachimba bwawa, yeye na wanafunzi wake, kwa majembe na ndoo. Kuta walizijenga kwa mawe ya mto. Msimu wa kwanza mvua ililibomoa, wakalijenga upya. Msimu wa pili likabomoka upande mmoja. Nilimwambia, “Shemeji, acha.” Akanipa ndoo. Lilisimama mwaka 1998, na mwaka 1999 msichana wa kijiji hiki, Shakila, binti wa muuza ndizi, alikwenda Dar es Salaam kwenye mashindano akashika nafasi ya kwanza kwa wasichana. Walipomuuliza anafanya mazoezi kwenye bwawa gani, alisema, “La shambani.” Walidhani anatania.

Mwezi Septemba 2004 marehemu alianza kuumwa tumbo. Alitibiwa katika hospitali ya mkoa, kisha Dar es Salaam, ambako iligundulika ni saratani. Alirudi mwenyewe mlimani mwezi Machi, akafundisha akiwa amekaa kwenye kiti. Kaka yake alipiga simu kutoka China akataka mwili urudishwe kwao. Sisi wa Bonifasi tulitaka alazwe ubavuni mwa mumewe. Tulimuuliza yeye, na Devotha alikuwepo. Alisema, “Nizikeni kwa mjomba. Shamba likiwa na kaburi la mama yao, hakuna atakayewauliza wanangu ni wa nani.” Mimi nililia mbele yake, na sioni aibu kulisema. Alifariki dunia Alhamisi tarehe 9 Juni 2005, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu.

Ameacha mjomba, Mzee Hatibu, ambaye ndiye mwenye msiba huu na ndiye aliyechagua mahali pa kaburi. Ameacha watoto wawili, Devotha na Stephano, mkwewe Bibi Filomena, kaka na dada zake walioko China, mashemeji, mawifi, na wanafunzi wake ambao leo ndio watakaobeba jeneza. Devotha amemwomba mjomba huyo wa mama yake kwamba watoto atakaowazaa waonyeshwe mipaka ya shamba hili wakiwa bado wadogo. Mzee Hatibu amejibu kwamba mipaka ni mirefu, afadhali azae upesi.

Mungu ampokee na kumpumzisha kwa amani. Mama Devotha, lala. Uko kwenu.