Gaudens na Jina Alilotaja Mama

Wasifu wa marehemu, umesomwa na dada yake, Beatrisi Kipriani Nandonde, makaburini Matambarale, Jumanne tarehe 11 Novemba 2008

Padri, katekista, masheikh wetu na majirani wote mliotufikia, poleni na asanteni. Mimi ni Beatrisi, dada wa marehemu, tumbo moja, mwalimu wa shule ya msingi huko Nachingwea. Nimeombwa nisome kwa adabu. Nitajitahidi, ila mjue kabisa kwamba nimekasirika, na hasira yangu si ya msiba peke yake. Jana jioni katibu wa hospitali alikofia mdogo wangu alikuja hapa kutoa pole. Akatoa pole, kisha akatoa karatasi. Karatasi inasema kwamba mama yetu, Getruda, alitaja jina la mgonjwa kimakosa, na ndiyo maana yakatokea yaliyotokea. Wanataka aweke dole gumba. Mama amekubali kuweka, kwa sababu tangu juzi hajatia kitu mdomoni na anaamini amemwua mwanawe. Kwa hiyo nausoma wasifu huu naye akiwa amekaa hapa kwenye mkeka, asikie habari yote toka mwanzo kabla hajagusa wino wa mtu.

Gaudens Kipriani Nandonde alizaliwa tarehe 14 Septemba 1970 hapa hapa Matambarale, mtoto wa tatu kati ya watano wa Mzee Kipriani na Mama Getruda. Wazazi wetu walivuka mto Ruvuma mwaka 1965 wakikimbia vita Msumbiji. Lugha ya nyumbani ilikuwa Kimakua, na wazee wetu wa Kimakua herufi B, D na G hawazitamki. Kwetu Gaudens alikuwa Kautensi, mimi ni Peatirisi, na mama mwenyewe akijitaja anasema Ketiruta. Hatukuona ajabu yoyote. Majirani zetu Wamwera nao R hawana, Ruangwa kwao ni Luangwa, na sijasikia hata mmoja aliyepotea njia kwa sababu hiyo.

Alianza darasa la kwanza Januari 1978. Wiki ile ya kwanza mwalimu aliita "Gaudens" kila asubuhi, na mtoto mwenyewe, aliyekaa dawati la mbele, akanyamaza kimya, hajui kama anaitwa yeye. Aliandikwa mtoro siku tano. Baba alipoitwa shuleni aliuliza, "Mtoro gani huyu anayerudi na vumbi la chaki?" Mwalimu akacheka, baba akacheka, mambo yakaisha. Gaudens alimaliza darasa la saba mwaka 1984 akiwa wa kwanza, akasoma kidato cha kwanza hadi cha nne Mtwara na cha tano na sita Songea, akamaliza mwaka 1991. Mwaka 1993 alikwenda Dar es Salaam kusoma kompyuta, miaka miwili, wakati ambapo hapa kijijini neno kompyuta lilikuwa halijafika.

Kuanzia 1995 aliajiriwa na kampuni moja ya Dar akitengeneza programu za maofisini. Kila baada ya miezi miwili aliandika barua, na kila barua ilikuwa na vichwa viwili vilivyopigiwa mstari: Mambo ya Kazi na Mambo ya Nyumbani. Mimi ndiye niliyekuwa nasafiri kutoka Nachingwea kuja kumsomea mama. Barua ya Novemba 1997 ninayo. Mambo ya Kazi: programu yake ilikuwa imegoma siku tatu kwa sababu alisahau nukta moja. Mambo ya Nyumbani: amepata mchumba, jina lake Magreti, mwalimu, kwao Nambilanje. Mama aliniambia nirudie kusoma, kisha akasema, "Mtoto huyu ana akili kweli? Mke anamweka chini ya nukta?"

Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 18 Julai 1998 Nachingwea. Bwana harusi alichelewa robo saa. Alikuwa ofisini kwa padri anatengeneza mashine ya kuchapia iliyokuwa inameza karatasi za nyimbo, akatoka na wino kwenye mkono wa shati jeupe. Wifi yangu Magreti hakukasirika. Alimkunjia mkono wa shati, wakaingia. Walijaliwa watoto wawili, Ildefonsi mwaka 1999 na Sesilia mwaka 2003, na katika nyumba ile sijawahi kusikia sauti imepandishwa, isipokuwa ya kwangu nilipokwenda kuwatembelea.

Baba alipofariki mwaka 2001, Gaudens aliacha kazi Dar, akarudi Nachingwea. Watu walisema amefulia mjini. Mwaka uliofuata hospitali hiyo, ambayo sitaitaja na wote mnaijua, ililetewa kompyuta tatu za msaada, nao wakamwita awafanyie programu ya kutafuta mafaili ya wagonjwa. Mtu mwingine angejifungia chumbani na kompyuta yake. Yeye aliomba kiti, akakaa miezi mitatu kwenye dirisha la kadi pamoja na Bi Kulthumu, karani wa mafaili, naye yupo pale, simama mama wakuone. Alikuwa na daftari kubwa lenye safu mbili. Upande mmoja aliandika jina kama lilivyo kwenye cheti cha ubatizo au cha shule. Upande wa pili aliliandika kama mwenye jina alivyolitamka. Alikwenda nalo Nambilanje, Mbwemkuru na huku kwetu, akakusanya majina zaidi ya elfu moja. Watu wakamwita Bwana Sema Tena.

Mzee Saturnini, ambaye naye yupo, alikutwa na mafaili matano. Moja la R, mawili ya L, moja la T iliyogeuka D, na moja sijui la nani. Kila faili lilikuwa na umri wake. Gaudens alipomwonyesha, mzee akasoma yote kwa utulivu, akasema, "Futa hao wengine. Niachie yule wa miaka arobaini na mbili."

Programu ilipokamilika, mwaka 2003, ilikuwa hivi. Karani anaandika jina kama anavyolisikia, hata kama limekaa vipi, na kompyuta inamletea wote wanaoweza kuwa ndio, pamoja na kijiji na jina la mama. Ukiandika Kautensi inakuletea na Gaudens. Ukiandika Luasi inakuletea na Ruasi. Kama kuna dawa inayomkataa mgonjwa, jina linatokea jekundu. Bi Kulthumu anasema miaka mitatu ile hakuwahi kumrudisha mtu dirishani. Jekundu la kwanza kuingizwa humo lilikuwa la Gaudens mwenyewe, maana mwaka 2002 alichomwa penisilini akavimba uso na koo nusura afe, na akaona ajifanyie majaribio kwa faili lake.

Sasa nifike mwaka 2006, na hapa mnivumilie.

Uongozi mpya wa hospitali ulileta programu nyingine kutoka Dar, na mtaalamu wake mwenye tai. Gaudens aliitwa kikaoni kukabidhi majina yote, pamoja na yale mekundu, yahamishiwe humo. Aliuliza swali moja tu: hii yenu inatafutaje jina? Mtaalamu akamjibu mbele ya watu kwamba jina ni jina, linaandikwa herufi kwa herufi, na wananchi wa huku itabidi wajifunze kutamka majina yao vizuri. Kikao kikacheka. Watu wazima, wenye vyeti ukutani, wengine wana bibi zao huku huku, wakacheka! Gaudens aliandika barua tatu kwa uongozi, nakala zipo. Ya tatu ina mstari unaosema, "Mtu atakufa kwa herufi moja." Hakujibiwa hata moja. Bi Kulthumu aliposema programu mpya inawapoteza watu, alihamishiwa kufua mashuka. Mwanamke wa miaka kumi na tisa kazini! Na kompyuta yenye programu ya mdogo wangu ikawekwa stoo, juu yake wakapanga ndoo za rangi.

Gaudens hakuweka kinyongo. Mimi ninacho kwa ajili yetu sote wawili. Yeye alifungua darasa la kompyuta mjini Nachingwea, akafundisha vijana zaidi ya mia moja, na aliendelea kuniambia Mambo ya Kazi na Mambo ya Nyumbani, siku hizi kwa simu.

Ijumaa tarehe 7 Novemba alikuja hapa Matambarale kumsalimia mama, na mkewe na watoto wakabaki mjini. Jumamosi akaanza homa na kubanwa na kifua. Jumapili alfajiri alikuwa anaweweseka, hamtambui mtu. Jirani yetu Nuhu alitoa pikapu yake bila kuulizwa mara mbili, Mungu ambariki, wakafika hospitali saa mbili asubuhi. Waliokuwa zamu wote walikuwa wageni. Dirishani mama aliulizwa jina la mgonjwa. Akasema Kautensi Nantonte. Kijana wa dirishani akaandika hivyo hivyo, akasema, "Hayupo." Mama akasema yumo. Kijana akasema hayupo. Nuhu alikuwa nje anasaidia kumshusha mgonjwa. Mama akasema mara ya tatu, haya ni maneno yake kama alivyonieleza, na kijana mwenyewe hayakani: "Mwanangu yumo humo. Kuna dawa inamkataa, mimi jina lake silijui, imeandikwa humo. Mtafute." Akajibiwa, "Mama, usitucheleweshe." Wakamwandikia faili jipya, jeupe, halina kitu. Daktari wa zamu akalisoma, akaona kifua kimebana, akaandika penisilini. Walimchoma saa tatu kasoro. Saa tatu na dakika ishirini mdogo wangu alikuwa amekufa, ana miaka thelathini na nane.

Nilifika saa nne nikamkuta mama amekaa sakafuni ukumbini anarudia jina la mwanawe polepole, anajaribu kulisema kwa G. Hebu fikirini jambo hilo. Mwanamke wa miaka sabini na mbili, maiti ya mwanawe iko nyuma ya mlango, anafanya mazoezi ya kutamka.

Nimeambiwa aya hii niifupishe. Nimeirefusha.

Na kibali cha mazishi walichotupa kimeandikwa Kautensi Nantonte. Ndani ya kompyuta yao Gaudens Nandonde ni mzima wa afya. Katibu anasema cheti cha kifo kitatoka kwa jina la Gaudens endapo mama ataweka dole kwamba yeye ndiye aliyekosea. Nilimwambia arudie kusema. Akarudia, bila aibu, na chai yetu mkononi.

Marehemu ameacha mama, Getruda, mjane, Magreti, watoto wawili, Ildefonsi na Sesilia, ndugu wanne, mimi nikiwa mkubwa na Edwin akiwa wa mwisho, na wanafunzi wake, ambao nawaona wamejaa pale nyuma. Ameacha pia diski ya programu yake, ninayo mimi. Mganga mkuu, nimeambiwa ungekuja. Kama upo, diski ni bure, ilikuwa bure toka mwanzo, na Bi Kulthumu anajua kuitumia. Ndoo za rangi mtaziondoa wenyewe.

Karatasi ya katibu nayo ninayo, iko chini ya hizi ninazosoma. Haitawekwa dole. Kama cheti hakitatoka, kisitoke. Nitakwenda Ruangwa, nitakwenda Lindi, nitakwenda hadi wanichoke, nami sichoki upesi, waulizeni wanafunzi wangu.

Mama, nisikilize mbele ya watu hawa wote. Uliulizwa jina la mwanao ukalitaja. Ndilo ulilompa pamoja na maziwa, ndilo lililomrudisha kutoka Dar. Mwanao alikaa miezi mitatu kwenye kiti cha mbao ili mtu kama wewe akifika pale dirishani asisumbuliwe. Wewe ulifanya sehemu yako, wao hawakufanya ya kwao. Usijaribu tena kulisema kwa G. Nakuomba ule leo, hata uji.

Msalaba ameuchonga fundi wa hapa hapa kijijini. Alikuja mara mbili kuuliza kama tumeandika sawa, nikamwambia achonge kama alivyopewa. Kwa hiyo mtakaposogea kuweka maua mtaona jina limeandikwa Kautensi, herufi zote, na chini yake tarehe zake mbili.

Kautensi apumzike kwa amani.