Mikono ya Tata Yav

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Nafasi hii nimeiomba mwenyewe, na mchungaji amenipa bila kuniuliza nitasema nini. Nitasema habari ya upole. Najua mnacheka, maana mnanijua. Mimi Ilunga, ambaye hata mbwa wa mtaa wetu wa Musonoi walikuwa wakinipisha njiani, leo niwaeleze ninyi upole! Chekeni tu. Lakini mkimaliza mnisikilize, kwa sababu kuna mtu ndani ya kanisa hili ambaye tumemchafulia jina kwa miaka miwili, na ukweli wake ninaujua mimi.

Zamani lile neno la Bwana, kwamba wapole ndio watakaopewa nchi, lilikuwa linanikwama kooni kama mwiba wa samaki. Hapa kwetu? Nchi ya Kolwezi wanapewa wenye mashine. Ikibaki kidogo, wanapewa wenye mabega. Mpole anapewa vumbi. Hivyo ndivyo nilivyoamini, na niliishi hivyo. Niliweza kumtukana mtu asubuhi, jioni nikaimba naye kwaya, na sikuona ubaya wowote.

Mnakumbuka jinsi tulivyokuwa. Mtu mmoja alichimba choo akakuta mawe ya kobalti, na wiki ile ile kila mmoja akaanza kuchimba ndani ya nyumba yake. Mimi nilitoa kitanda, nikavunja simenti ya chumba cha kulala, nikashuka. Jirani yangu Tata Yav, mtu wa Kapanga, aliyekuwa mzee wa kanisa hili, naye akashuka kwake. Tulipika juu ya shimo, tukasali juu ya shimo, tukaona ni maisha ya kawaida.

Mchana mmoja nilijilaza kwenye mkeka, sikio likiwa sakafuni. Jua lilipita katika matundu ya bati, na vumbi jekundu lilikuwa linaelea ndani ya mwanga, taratibu, kama halina haja ya kutua. Nilikuwa nusu usingizini. Ndipo nikasikia chini yangu: ko, ko, ko. Nilidhani ni moyo wangu. Nikashika kifua, nacho kilikuwa na mwendo mwingine. Nikabaki nasikiliza muda mrefu, karibu kwa raha, kabla sijaelewa kwamba ni nyundo ya Tata Yav. Alikuwa ameingia chini ya parsele yangu, yaani kiwanja changu.

Ndugu zangu, sisi wachimbaji tuna desturi. Njia mbili zikikutana chini, kila upande unaacha nyundo pale pale, watu wanapanda juu, wanaongea mbele ya majirani. Njia zetu zilipokutana, Tata Yav aliacha nyundo yake. Akaja mlangoni kwangu na kofia mkononi.

“Tata Ilunga,” akasema, “nilipotea njia kule chini. Ile upande ni yako. Tuite batu, tupime.”

Mtu anakiri kosa mbele yako bila kusukumwa, na wewe unaona anakuogopa. Ndivyo nilivyoona. Nilimfukuza kwa matusi ambayo siwezi kuyarudia hapa madhabahuni.

Kuna watu wabaya chini ya ardhi ambao hufukuza wenzao kwa moshi, nami nikaamua kuwa mmoja wao. Asubuhi moja nilishuka na tairi kuukuu, nikawasha njiti ya kiberiti kupima hewa mbele ya tundu lililounganisha njia zetu. Moto wake ukalala upande wa Yav. Vizuri, nikasema, hewa inakwenda kwake. Nikapanda juu, nikangoja mpaka mchana, nikamsikia anagonga tena, safari hii mbali, ndani ya sehemu yake halali. Nikashuka, nikalichoma tairi.

Lakini jua lilikuwa limechoma bati la nyumba yangu, na shimo langu lilikuwa limeanza kuvuta hewa juu. Hewa ya asubuhi si hewa ya mchana. Kila mchimbaji anajua hilo, na mimi kwa hasira nililisahau. Moshi wote uligeuka ukanifuata.

Nilitambaa kidogo, kisha nikaacha. Sikuona malaika, sitawadanganya. Niliona shamba la mihogo la mama yangu, nami nikiwa mdogo, na udongo laini wenye baridi. Sauti fulani ikaniambia lala. Nikalala. Ilikuwa tamu, ndugu zangu, na utamu ule ndio unaonitisha mpaka leo.

Niliamka katika chumba cha watoto wa Tata Yav. Alikuwa amesukuma tairi linalowaka kwa mikono mitupu, akapenya kwenye tundu, akanishika miguu, akanivuta mpaka upande wake, kwenye hewa safi. Nilimsikia anamwambia mkewe, “Mupe mayi. Polepole.” Mkewe akaninywesha maji.

Kisha majirani waliingia. Waliona nini? Mimi nimelala kama maiti, naye Yav mikono yake imegandwa na mpira ulioyeyuka. Wakahukumu pale pale kwamba yeye ndiye aliyewasha. Yeye akainamisha kichwa. Mimi koo lilikuwa limeungua, sikuweza kusema, na wiki kadhaa nilikaa bila sauti. Sauti iliporudi, sikuitumia. Kanisa likamwondolea cheo cha mzee, likamzuia kwenye meza ya Bwana, akahamia benchi la karibu na mlango. Mimi niliombewa. Mliniletea hata kuku.

Siku moja nilimfuata uani kwake. Alikuwa anamenya mihogo kwa vidole visivyokunjika vizuri. Nikamwuliza kwa nini hasemi. Aliendelea kumenya.

“Kama minasema, bavijana ba kartier, ba hapa mtaani, batakuua, na batoto bako bataona,” akanijibu. “Mi nilisemaka na Mungu. We utasema siku yako.”

Akanipa kipande cha muhogo. Nilikila huku ninalia.

Pale ndipo nilipoelewa Maandiko. Upole si sauti ndogo. Musa alikuwa mpole, na Farao alimwogopa. Bwana wetu aliingia mjini juu ya punda, naye angeweza kuita majeshi ya mbinguni. Mpole ana neno la kukumaliza, liko mdomoni mwake, na analimeza ili wewe uishi. Mimi niliyepigania nchi, ile nchi ilitaka kunizika. Nilitolewa hai kupitia kwa mtu aliyekuwa tayari kuiacha.

Nilielewa, na bado nikanyamaza, kama mtu anayeota kwamba ameshaamka. Mpaka Jumapili iliyopita. Binti wa Tata Yav alibatizwa hapa, na baba yake, kwa aibu tuliyomvika, alisimama nje akamtazama kupitia dirisha. Nilimwona. Sikuweza kuimba tena.

Ndugu zangu, ni mimi niliyewasha tairi. Tata Yav hakuwasha kitu. Mchungaji, mrudishie nafasi yake, na benchi la mlangoni nipe mimi. Wenye sheria wakinitaka, nyumba yangu mnaijua. Namshukuru Mungu aliyenitoa kwenye moshi, na asubuhi hii amenitoa kwenye uongo uliokuwa unaniua polepole kuliko moshi.

Sasa ninashuka kwenda kuishika ile mikono, kama ataniruhusu. Na wewe unayebeba jambo ambalo hujawahi kulisema, mwamini Bwana, hatakuvunja. Nafasi ipo. Njoo nyuma yangu, sitaki kutembea peke yangu.