Ishmael Ochoki, Mpiga Mbizi wa Timbo la Tabaka (1979–2025)

Ni nani kati yetu hapa anayejua kuogelea? Usimwangalie jirani yako, jijibu mwenyewe. Nchi hii ina kijito katika kila bonde na mvua karibu kila jioni, nasi tunazeeka tukiyaogopa maji kama nyoka. Ishmael Ochoki aliukataa woga huo. Wasifu huu ni habari za kukataa kwake.

Alizaliwa tarehe 14 Agosti 1979 hapa Tabaka, Kaunti ya Kisii, mtoto wa pili wa marehemu Zablon na Sabina Ochoki. Nyasani ndiye kifungua mimba, na Eucabeth alikuwa kitinda mimba. Baba yao alichimba mawe ya sabuni nyuma ya nyumba, na mawe mazuri yalipokwisha aliliacha timbo wazi. Mvua za mwaka 1988 zikalijaza. Eucabeth aliteleza humo akazama, na kati ya watu wazima wote waliosimama ukingoni hakuna aliyeweza kumfuata. Alipatikana siku ya tatu, alipoelea mwenyewe. Watu wakasema timbo lile halina chini, na wale ndugu wawili wakakua na maneno hayo.

Ishmael alisoma shule ya msingi hapa nyumbani, kisha sekondari huko Nyanchwa, akamaliza mwaka 1998. Akiwa huko alibatizwa mtoni. Mchungaji alimzamisha, akamwinua, na Ishmael akaomba arudishwe.

"Umeshabatizwa, kijana," mchungaji akamwambia.

"Najua, Mchungaji. Sikuwa nimemaliza kuangalia."

Mwaka 1999 alienda Pwani kuuza vinyago vya Tabaka kwa watalii. Siku moja, kwenye gati la Shimoni, katoni yake ya ndovu wa mawe iliteleza ikatumbukia baharini. Mpiga mbizi mmoja aitwaye Sadiq alishuka na mtungi wake wa hewa, akawapandisha ndovu mmoja baada ya mwingine, wote wazima. Ishmael akawahesabu.

"Kaka, bado mmoja."

"Huyo nimemwacha makusudi," Sadiq akajibu. "Utamfuata mwenyewe."

Na alimfuata! Sadiq alimfundisha kupumua kwa mtungi, na ndovu yule akatoka na vijichaza mgongoni. Tangu siku hiyo Ishmael hakuuza tena kinyago. Akawa mwongoza wapiga mbizi, Mgusii wa milimani akiwaonyesha watu wa dunia nzima chini ya bahari yetu wenyewe. Aliwapeleka kwenye meli zilizozama, ambako samaki huingia na kutoka kwa dirisha la nahodha. Aliwapeleka kwenye kuta za matumbawe zinazoshuka mpaka macho yanakata tamaa, na kwenye mapango ambamo tochi ikizimwa mtu husikia moyo wake tu. Aliporudi kila Desemba na kusimulia, watoto wa ukoo mzima walijifunza kubana pumzi kwa kuzamisha nyuso kwenye mabeseni, mpaka mama zao wakawafukuza jikoni.

Tarehe 10 Desemba 2006 alimwoa Damaris, binti wa Mzee Ombati wa Nyaramba, Kaunti ya Nyamira. Siku ya posa, mzee alimuuliza anafanya kazi gani.

"Nawapeleka watu kuona meli iliyozama, baba."

"Na hao watu wanalipa?"

"Wanalipa vizuri."

"Wamekosa zile ambazo hazijazama?"

Nyumba nzima ilicheka, na Damaris akatolewa.

Mwaka 2015 Ishmael alifanya jambo lililowashtua wengi. Aliacha bahari, akarudi nyumbani, akashuka ndani ya timbo lililomchukua dada yake. Alikuta kuta nyeupe zilizosimama wima. Alikuta pango walilokata wachimbaji wa zamani. Akalinunua lori bovu la Nyasani, lile lililowalipia karo watoto wa boma hili, akaling'oa injini, akaliosha mafuta, akalizamisha liwe meli yake. Akazungushia timbo ua wenye lango na kufuli, akaanza kufundisha watoto: kwanza kuelea, kisha kuogelea, kisha mtungi. Leo wamo hapa vijana na wasichana waliofundwa humo, na maji hayawatishi tena. Serikali haikutoa hata kamba! Kilichokuwa kimebaki ni gati, mahali pa mtoto kukalia na kuyazoea maji kabla ya kuingia.

Kaka yake hakukubali. Nyasani alikuwa ameona alichokiona mwaka 1988, na hakuna anayeweza kumlaumu.

"Shimo hilo lilishakula mmoja wetu," alimwambia. "Siku nitakayokuzika wewe, nalifukia na shimo lako."

"Sawa, kaka. Lakini liangalie kwanza."

Miaka ilipita Nyasani asiangalie. Mwaka 2023 Ishmael akagunduliwa kuwa na saratani ya damu. Alitibiwa Kisii na Nairobi, na Damaris hakumwacha hata siku moja. Mwezi wa Agosti mwaka huu, akiwa hawezi tena kubeba mtungi, alimwita kaka yake ukingoni na kumpa miwani ya kupigia mbizi. Nyasani akalala kifudifudi, Ishmael akamkalia miguu asiteleze. Uso ukaingia majini, ukakaa, ukatoka kuvuta pumzi, ukarudi tena.

"Umeona nini?"

"Lori langu. Taa moja bado iko." Kisha akazamisha uso mara nyingine, akatoka: "Kumbe shimo lina chini."

Akajifuta uso, akaenda zake. Hakuligusia tena jambo hilo, na Ishmael alifariki Jumatano, tarehe 5 Novemba 2025, bila kujua kama timbo lake lingepona.

Ameacha mjane, Damaris, watoto, Kerubo na Zablon, kaka, Nyasani, na watoto wote wa Tabaka aliowaondolea woga. Mungu ampe pumziko tulivu, kama lile alilolipata chini ya maji.

Asubuhi iliyofuata kifo chake, Alhamisi, ndugu wa ukoo anayesoma maneno haya alikuwa langoni mwa timbo lori jingine la Nyasani lilipofika limejaa mawe. Damaris alisimama mbele ya lori, mikono imeshika lango.

"Shemeji, hata hajazikwa."

Nyasani alishuka, akazunguka nyuma, akabeba jiwe la kwanza kifuani mwenyewe.

"Fungua, Mama Kerubo," akasema. "Alitaka gati lianzie wapi?"