Joachim na Mlima Ambao Haujashuka

Kitendawili! Wakubwa wamelala chini, wadogo wamewalalia juu, na hakuna anayelalamika.

Aliyenitegea hicho tumemzika Jumamosi. Wasikilizaji wapendwa, mie ni bibi yenu Faustina. Leo sauti imechoka, mnivumilie. Tunamkumbuka Joachim, mtaalamu wa miamba. Kwao Mbeya, nyumba yake Ipogolo, Iringa mjini, na mke alimpata Igowole: Verediana.

Jibu ni matabaka ya udongo na mawe. La chini lilitangulia, la juu likafuata. Kama mikeka: uliotandikwa kwanza ndio uko chini. Mie shule yangu ni ya msingi tu, lakini hapo nilimwelewa.

Safari moja, barabara ya kwenda kwao, alisimamisha gari pale kilima kilipochongwa. Mistari ya mawe imelala, na mshipa mweupe umeikata toka chini hadi juu.

"Bibi, nani mdogo hapo?"

"Huo mweupe. Si ni mwembamba?"

Alicheka hadi akakohoa. "Umepata, ila kwa sababu mbovu! Kisu hakikati ugali ambao haujapikwa. Kilichokatwa ndicho kilichotangulia."

Basi. Huyo ndiye Joachim.

Sasa Yotamu, kaka yake Verediana, alitaka kujenga nyumba chini ya mlima huko Igowole. Pako tambarare, maji karibu. Yeye na mama yake mzazi wangelala hapo. Joachim akachimba shimo kwanza. Juu, udongo mweusi. Chini yake, mawe yenye ncha yaliyochanganyika na tope. Chini ya mawe, majivu na vigae vya chungu.

"Shemeji, aliyepika hapa alitangulia," akasema. "Mlima ulimshukia baadaye. Usijenge."

Yotamu akamvuta mkono mpaka kwenye tuta la jirani. "Njoo uone! Hapa vigae viko juu, mawe chini. Mlima ulishuka kabla ya watu. Au hayo macho yanasoma Iringa mjini tu?"

"Hapa si ndipo mlipochimba udongo wa tofali? Mlichotoa mwisho ndicho kiko juu. Koleo lenu limepindua mikeka, shemeji."

Watu wakacheka. Mama yao hakucheka. "Mie silali chini ya mlima unaotembea," akasema, na neno la mama likashinda.

Yotamu akajenga juu kwenye mgongo wa kilima. Maji anapandisha kwa kichwa mpaka leo. Akamnunia shemeji yake miaka na miaka. Mvua ikinyesha, Joachim anapiga simu: "Mlima umekaaje?" Yotamu anajibu, "Upo ulipo," anakata.

Na mlima haukushuka. Masika yakaja, yakapita. Watu wakamwita mzee wa vigae. Verediana aliniambia, "Nilichoka kwa niaba yake. Nikamuuliza, hutamani ushuke tu, wakuamini? Akanijibu, 'Mama Gloria, kila masika naomba nife nikiwa mwongo.'"

Wasikilizaji wapendwa, ndivyo alivyokufa. Mlima haujashuka. Hata leo haujashuka.

Tulimzika kwao Mbeya. Yotamu alikuja, kasimama pembeni ya kaburi. Udongo mweusi uliotoka kwanza uko chini ya lundo, mwekundu wa kina uko juu. Vijana wakaanza kuukokota ovyoovyo. Yotamu akashika koleo la mmoja wao.

"Anzeni na mwekundu. Umetoka chini, urudi chini."

"Mzee, udongo ni udongo!"

"Si kwa huyu."

Wakarudisha mwekundu. Mweusi ukafuata, mwisho kabisa. Tulikuwa tunaweka maua manyunyu yalipoanza. Yotamu akasogea kando, akapiga simu Igowole. Nilikuwa karibu, nilisikia.

"Mama? Huko kunanyesha? Mlima umekaaje?"

Hakukata. Alisikiliza mpaka mama akamaliza.

Mama Gloria, na wewe Gloria mwanangu, poleni. Poleni ukoo wote, wa Mbeya na wa Igowole. Mungu ampumzishe mzee wetu, maana alichoka kwa ajili ya watu waliomcheka.

Nanyi mnaonisikiliza, fikirini. Yuko mtu aliyewahi kuwaambia msijenge mahali, mkamnunia kwa sababu ubaya haukuja. Kama bado yu hai, mvua ikianza leo, mpigieni.