Rollande Pelchat na Joto la Mlimani

Marehemu Rollande Pelchat alizaliwa tarehe 9 Machi 1938 kijijini Saint-Valmont, bonde la Beauce, Quebec, binti wa kwanza wa Donat na Exilda Veilleux. Mdogo wake, Fleurette, alizaliwa miaka miwili baadaye. Rollande alisoma kwa masista wa kijiji hadi darasa la saba, akapenda hesabu kuliko sala.

Mwaka 1959 aliolewa na Léandre, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa hapa bondeni. Fleurette aliolewa juu mlimani na Adjutor.

Tangu 1964 Rollande aliiandikia idara ya hali ya hewa vipimo vya kila asubuhi, bila mshahara, na kijiji kizima kilimtegemea. Kilichomsumbua ni mvua ya majira ya baridi. Baridi ikiwa nene, kutoka bondeni hadi mlimani, matone huganda angani na kufika kama chembe zinazorukaruka, na mtu hutembea juu yake vizuri tu. Baridi ikiwa imelala bondeni peke yake, matone hufika yakiwa maji na kuganda kama kioo juu ya kila kitu yanachokigusa. Kwa hiyo kabla ya kusema neno alimpigia simu Fleurette kuuliza joto la mlimani.

Februari 1979 hakupiga. Alitangaza chembe, ikaja mvua ya kuganda. Adjutor, aliyekuwa amemwamini, alipanda paa la zizi, akateleza na kuvunjika nyonga. Fleurette hakusema naye tena miaka sita. Hata kanisani walikaa mbalimbali.

Asubuhi ya Jumatatu, 14 Januari 1985, kipimajoto cha uani kwa Rollande kilisoma nyuzi tatu chini ya sifuri, na wingu lilikuwa limeshuka. Dereva wa basi la shule alisimama jikoni kwake.

"Mama Pelchat, chembe au kioo? Watoto thelathini wananingoja."

Rollande aliichukua simu, akapiga.

"Fleurette, ni mimi. Kwako nyuzi ngapi?"

"Miaka sita, dada, na unaanza na kipimajoto?"

"Utanitukana baadaye. Watoto wanataka kupanda basi."

"Ngoja nivae buti." Akarudi akihema. "Mbili juu ya sifuri. Na inanyesha."

Rollande akamgeukia dereva. "Basi lisitoke."

"Mkuu wa shule atanikaanga!"

"Mwambie aje anikaange mimi, nina mafuta ya kutosha."

Kwenye simu Fleurette alicheka, halafu wote wawili wakalia. Saa nne barabara ilikuwa kioo na nguzo za umeme zimelala mitaroni. Watoto wote walikuwa makwao.

Tangu hapo walipigiana kila asubuhi, hata baada ya mitambo kuchukua kazi ile. Léandre alizoea kunung'unika, "Joto ni dakika moja. Saa nzima iliyobaki ni ya nini?"

Mwaka 2014 moyo wa Rollande ulianza kudhoofika. Fleurette alishuka mlimani akamuuguza hadi alipofariki nyumbani, Jumatatu, 21 Novemba 2016.

Ameacha mume, Léandre, watoto, Réjean na Colombe, wajukuu watano, shemeji yake Adjutor, na Fleurette, aliyeomba yaandikwe hapa maneno haya: nyonga ya Adjutor ilipona kwa miezi minane. Ile miaka sita ndiyo anayoijutia.

Mungu amlaze dada yetu mahali penye utulivu.